Ekseli Nzima ya Mbele: Historia ya Springi na Stelingi za Magari ya Porini

Ekseli nzima ya mbele ni boriti moja ya chuma inayoyaunganisha magurudumu mawili ya mbele ya gari. Katika gari la fowili, yaani linalosukumwa na magurudumu yote manne, boriti hiyo ina uwazi ndani yake. Difu hukaa katikati au kando kidogo, na kutoka hapo mashafti mawili hupeleka nguvu kwenye magurudumu. Gurudumu moja likipanda jiwe, la pili nalo huinama, kwa kuwa yote yamefungwa kwenye chuma kimoja. Muundo huu ni wa kale na ni mzito, wala hautulizi safari kama ule wa magurudumu huru. Hata hivyo umedumu katika magari ya kazi na ya porini kwa sababu tatu: viungo vyake vya kuchakaa ni vichache, hubeba mzigo mkubwa, na nafasi kati ya difu na ardhi haipungui springi zinapobonyea.

Mwenye kuunda gari la aina hii hukabiliwa na maswali mawili. Ekseli ishikiliwe na nini chini ya chesisi? Na mzunguko wa usukani ufike vipi kwenye magurudumu yanayopanda na kushuka muda wote? Kwa zaidi ya miaka themanini watengenezaji na mafundi wamejibu maswali hayo kwa njia nyingi, na historia ya majibu yao inaonyesha kwamba kwa kweli ni swali moja. Kinachoshikilia ekseli ndicho kinachoamua ekseli itapita njia gani inapopanda na kushuka, na njia hiyo ndiyo inayoamua rodi ya stelingi ilale wapi, iwe na urefu gani na ielekee upande gani.

Urithi wa magari ya farasi

Springi ya bapa ilikuwepo kabla ya injini. Mwaka 1804, jijini London, Obadiah Elliott alipata hataza ya kufunga gari la farasi juu ya springi za mabapa ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine. Mwaka 1818 Rudolph Ackermann alisajili Uingereza ubunifu wa Georg Lankensperger, mtengenezaji wa magari ya farasi kutoka Munich. Kabla ya hapo ekseli yote ya mbele iligeuka kwa kuzunguka pini moja ya katikati. Katika ubunifu wa Lankensperger ekseli ilibaki imetulia, na kila gurudumu likageuka kwenye pini yake mwenyewe, ambayo mafundi wa leo huiita kingipini. Mikono miwili mifupi iliyounganishwa na rodi iliyalazimisha magurudumu yote mawili kugeuka pamoja, na pembe ya mikono hiyo ililifanya gurudumu la ndani ya kona likate zaidi ya la nje. Rodi hiyo ndiyo tairodi ya leo.

Magari ya kwanza ya injini yalichukua vitu vyote viwili bila kuvibadilisha sana. Springi ya bapa ilipendwa kwa sababu hufanya kazi kadhaa kwa wakati mmoja. Hubeba uzito, huizuia ekseli isiende mbele wala nyuma, huizuia isiteleze kushoto wala kulia, na huipinga isijizungushe breki zinapokamata. Msuguano kati ya bapa na bapa nao hupunguza mdundo. Springi mbili na yu-bolti nne zilitosha kuiweka ekseli mahali pake, na fundi mwenye nyundo na moto wa kuhunzia aliweza kuzitengeneza.

Mwendo ulipoongezeka, kasoro zikajitokeza. Katika miaka ya 1920 magari mengi yalipata breki za mbele na matairi mapana yenye upepo mdogo, na ugonjwa mpya ukaenea: kwenye mwendo fulani magurudumu ya mbele yalianza kutikisika kushoto na kulia kwa nguvu hadi dereva kushindwa kuushika usukani. Mhandisi Mfaransa Georges Broulhiet aliuchambua ugonjwa huo mwaka 1925, na baadaye Maurice Olley akaushughulikia kwa kina katika kampuni ya General Motors. Chanzo kimoja kilikuwa ekseli yenyewe. Gurudumu linalozunguka kwa kasi likiinamishwa ghafla hujaribu kukata kona. Kwa kuwa ekseli nzima huyainamisha magurudumu yote mawili pamoja, msukumo mdogo wa barabara uliweza kugeuka mtikisiko unaojilisha wenyewe. Mwaka 1934 General Motors ilitoa magari madogo yenye magurudumu huru ya mbele, na wengine wakafuata. Ekseli nzima ya mbele ikabaki kwa malori, na baada ya muda mfupi kwa magari ya fowili.

Kugeuza gurudumu linalosukuma

Gurudumu la mbele linalopokea nguvu ya injini lina ugumu wake: shafti lazima ipite pale pale gurudumu linapogeukia. Kingipini ya kawaida iliyonyooka haiwezi kukaa hapo, kwa hiyo ilikatwa ikawa vipande viwili, kimoja juu ya shafti na kingine chini. Shafti nayo ilihitaji kiungo kinachozungusha gurudumu kwa mwendo ulio sawa hata likiwa limekata kona. Jean-Albert Grégoire na Pierre Fenaille wa Ufaransa walitoa kiungo cha Tracta mwaka 1926, na katika miaka hiyohiyo Alfred Rzeppa akabuni kiungo chenye magololi ambacho bado kinatumika kwenye mamilioni ya magari. Ubunifu huo uliufanya mwisho wa ekseli kuwa tufe la chuma lililofunikwa, lenye grisi au oili ndani, na mikono ya stelingi ikafungwa juu au chini ya kifuniko chake. Mahali mkono huo unapofungwa palikuja kuwa jambo kubwa baadaye, wakati watu walipoanza kuinua magari yao.

Jeep na springi zake nne

Tarehe 23 Septemba 1940 kampuni ndogo ya Bantam ilifikisha gari lake la majaribio kwenye kambi ya Holabird, jimbo la Maryland, Marekani. Mchoro ulikuwa wa Karl Probst, na ulikamilishwa kwa siku chache tu kwa ajili ya zabuni ya jeshi. Kutokana na kazi hiyo zilizaliwa Willys MB na Ford GPW, Jeep za Vita Kuu ya Pili, ambazo zilitengenezwa zaidi ya 600,000 hadi mwaka 1945. Gari lilikuwa na ekseli nzima mbele na nyuma, springi nne za bapa, na boksi la stelingi lisilo na msaada wowote wa pampu.

Mpangilio wa mbele wa Jeep unafundisha jambo. Kila springi ya bapa ina ncha moja iliyofungwa moja kwa moja kwenye chesisi na nyingine inayoning'inia kwenye sheko, kipande kinachocheza mbele na nyuma ili springi ipate nafasi ya kurefuka inaponyooka. Kwenye Jeep sheko za mbele ziliwekwa ncha ya mbele, na ncha isiyocheza ikawa nyuma. Kwa upande wa starehe hilo lilikuwa hasara, kwa sababu gurudumu linapogonga kizuizi springi hunyooka na kuisukuma ekseli mbele, kuelekea kizuizi chenyewe. Upande wa stelingi ndiko faida ilikopatikana. Boksi la stelingi lilikuwa nyuma ya ekseli, na dragilinki, yaani rodi inayotoka kwenye boksi, ilielekea mbele. Ekseli iliyofungwa kwa nyuma ilipanda na kushuka kwa upinde unaokaribiana na upinde wa rodi hiyo, na magurudumu hayakukatwa sana na matuta. Tangu mwanzo, basi, springi ziliwekwa kwa kutii stelingi.

Breki nazo zilileta tatizo. Ekseli ilijipinda breki zilipokamata na gari likavuta upande mmoja. Jibu lilikuwa kuongeza springi fupi ya kupinga mpindo huo kwenye springi ya mbele ya kushoto.

Land Rover na kiungo cha katikati

Maurice Wilks wa kampuni ya Rover aliitumia Jeep ya jeshi kwenye shamba lake, na kutokana na matumizi hayo wazo la Land Rover likazaliwa. Gari lilizinduliwa kwenye maonyesho ya Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, likiwa na umbali wa inchi 80 kati ya ekseli na ekseli, sawa na Jeep. Springi zilikuwa za bapa, ila sheko za mbele ziliwekwa nyuma ya springi. Gurudumu likigonga jiwe, ekseli ilirudi nyuma kidogo na pigo likapungua.

Mpangilio huo ungeharibu stelingi ya mtindo wa Jeep, kwa hiyo njia nyingine ilihitajika. Kutoka kwenye boksi, rodi ya kwanza ilienda mbele hadi kwenye kiungo kilichosimama ndani ya boriti ya mbele ya chesisi. Kiungo hicho kilipokea mvuto wa mbele na nyuma na kuugeuza kuwa wa kushoto na kulia, kisha rodi ya pili iliyokingama ikaupeleka kwenye magurudumu. Kwa kuwa boksi na kiungo vyote vilifungwa kwenye chesisi, rodi ya kwanza haikuguswa na mwendo wa ekseli. Ni ile rodi ya kukingama peke yake iliyopanda na kushuka, nayo ilikuwa ndefu. Ndani ya kiungo kulikuwa na bushi zilizobanwa kwa springi kali, na msuguano wake ulituliza mitikisiko ya magurudumu kabla haijamfikia dereva. Toyota nayo iliweka mkono wa katikati wa namna hiyo kwenye Land Cruiser FJ40, iliyotoka mwaka 1960.

Magari haya mawili ndiyo yaliyofundisha vizazi vya mafundi wa Kenya, Uganda na Tanzania kazi ya ekseli nzima. Land Rover ilifika na maofisa wa serikali ya kikoloni, wakulima na idara za wanyamapori, na Land Cruiser ikaipokea nafasi hiyo polepole. Kwenye barabara za vumbi na mawe kila kasoro ya mpangilio ilijionyesha mapema: bushi zilizolika, mabapa yaliyokatika karibu na bolti ya katikati, na kiungo cha stelingi kilichokauka oili na kuufanya usukani uwe mzito.

Koili zinapoingia

Springi ya koili hutulia kuliko ya bapa, ni nyepesi zaidi, na haina msuguano wa bapa juu ya bapa. Kazi yake, hata hivyo, ni moja tu, kubeba uzito. Haiwezi kuishikilia ekseli isiende mbele, nyuma, kushoto wala kulia. Anayeondoa springi za bapa lazima aongeze mikono ya chuma ya kufanya kazi zote zilizoachwa.

Unimog ya Ujerumani ilithubutu mapema. Albert Friedrich na wenzake waliiunda kama mashine ya shamba, na gari la kwanza la majaribio lilitembea mwaka 1946. Lilikuwa na koili kwenye ekseli zote mbili, na ekseli zenyewe zilikaa juu ya kitovu cha gurudumu na kushusha nguvu kwa gia, hivyo difu ikawa juu sana ya ardhi. Ekseli zilishikiliwa na mabomba mazito yaliyofunika propela shafti.

Kwa magari ya kawaida ya porini hatua kubwa ilipigwa na Ford Bronco ya mwaka 1966. Mbele ilikuwa na ekseli nzima, koili mbili, na mikono miwili iliyotoka kwenye ekseli kwenda nyuma hadi kwenye chesisi. Rodi ya Panhard, iliyopata jina kutoka kwa kampuni ya magari ya Ufaransa, ilikingama kutoka chesisi upande mmoja hadi ekseli upande wa pili na kuizuia ekseli isiteleze pembeni. Range Rover ilifuata mwaka 1970 chini ya Charles Spencer King na Gordon Bashford, kwa mpangilio wa mbele wa aina hiyohiyo. Ilionyesha kwamba gari la ekseli nzima linaweza kwenda kwa kasi kwenye lami na bado likapita matopeni. Mercedes-Benz G ilitoka mwaka 1979 ikiwa na koili, Land Rover One Ten ikaacha mabapa mwaka 1983, Nissan Patrol mwaka 1987, na Land Cruiser ya mfululizo wa 80 mwaka 1990.

Kuingia kwa rodi ya Panhard kulileta sharti jipya. Ncha ya rodi hiyo iliyo kwenye ekseli hupanda na kushuka kwa upinde, kwa hiyo ekseli nzima husogea pembeni kidogo kila springi inapobonyea. Ikiwa dragilinki nayo imekingama, ikalala sambamba na rodi ya Panhard na urefu wa hizo mbili ukakaribiana, pinde zao hufanana, na gari hubaki kwenye mstari wake hata kwenye tuta. Moja ikiwa imelala na nyingine imeinama, kila tuta huikata stelingi lenyewe. Wahandisi wa Bronco, Range Rover na Land Cruiser 80 wote walizilaza rodi hizo mbili kwa kufuata sharti hilo.

Mkono mrefu wa mtindo wa Bronco hufungwa kwenye ekseli kwa bushi mbili na kwenye chesisi kwa bushi moja. Una nguvu na hudumu, lakini gurudumu la kushoto likipanda na la kulia likishuka, ekseli hulazimika kupinda bushi hizo za mpira, na mpira huweka mpaka. Jeep Cherokee ya mwaka 1984 ilichukua njia nyingine, ya mikono minne mifupi, miwili chini na miwili juu, pamoja na koili na rodi ya Panhard. Ekseli ilipata uhuru zaidi. Jeep Wrangler ya mwaka 1997 iliurithi mpangilio huo, na hapo springi za bapa zikaondoka kwenye ukoo wa Jeep ndogo baada ya zaidi ya nusu karne.

Kwa Afrika Mashariki badiliko lililogusa watu wengi zaidi lilikuja mwaka 1999, pale Land Cruiser za mfululizo wa 70 zilipopewa koili mbele na kubakizwa na mabapa nyuma. Ndizo zinazobeba watalii kwenye mbuga za Tanzania na Kenya, na ndizo zinazotumiwa sana na hospitali, miradi na mashirika ya misaada. Mchanganyiko huo una mantiki: mbele hubeba injini, na uzito wake haubadiliki sana, kwa hiyo koili hufaa. Nyuma hupakiwa na kupakuliwa, na mabapa huvumilia zaidi.

Kusukuma kwa mbele au kukingama

Magari mengi ya springi za bapa yaliendelea na stelingi ya kusukuma na kuvuta. Boksi hufungwa kwenye chesisi, mkono wake huenda mbele na nyuma, na dragilinki fupi hushuka hadi kwenye gurudumu la upande huohuo. Pikapu za fowili za Chevrolet za miaka ya 1973 hadi 1987 zilikuwa hivyo, na vilevile Toyota Hilux za fowili zilizoanza mwaka 1979. Gari likiwa kwenye urefu wake wa kiwandani, mpangilio huu hufanya kazi vizuri. Udhaifu wake hujitokeza rodi inapokuwa fupi na imeinama.

Hesabu rahisi huonyesha ukubwa wa tatizo. Dragilinki ya sentimita 60 ikiwa imelala sambamba na ardhi, na ekseli ikapanda sentimita 10, ncha yake husogea takriban milimita 8. Gari likiinuliwa hadi rodi hiyohiyo ishuke sentimita 15 kutoka ncha hadi ncha, mpando uleule wa sentimita 10 huisogeza takriban milimita 17, zaidi ya mara mbili. Rodi ya sentimita 100 iliyolala sawa husogea milimita 5 tu. Dereva aliyeushika usukani bila kuugeuza huliona gari likikata kona lenyewe kwenye kila shimo.

Dawa iliyoenea ni stelingi ya kukingama. Boksi hubadilishwa ili mkono wake uende kushoto na kulia, na dragilinki huvuka gari hadi kwenye gurudumu la upande wa pili. Rodi hurefuka na mwinamo wake hupungua. Wenye Chevrolet za zamani waligundua kwamba boksi la pikapu isiyo ya fowili ya kampuni hiyohiyo linafaa kwa kazi hiyo. Wenye Hilux walichukua boksi la Hilux za baadaye zenye magurudumu huru ya mbele, na kuifunga mikono mipya juu ya mafundo ya ekseli, yaani sehemu zinazogeuka pamoja na magurudumu, ili tairodi na dragilinki zipite juu ya springi, mbali na mawe. Wenye FJ40 walitoa boksi la zamani pamoja na mkono wa katikati, wakaweka boksi la Saginaw lenye pawa stelingi.

Pawa stelingi yenyewe ilikuwa na safari ndefu. Francis Davis, mhandisi Mmarekani, aliionyesha kwenye gari la Pierce-Arrow katika miaka ya 1920. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ilitumika kwenye magari mazito ya jeshi, na mwaka 1951 Chrysler ikawa ya kwanza kuiuza kwa umma kwenye gari dogo. Kwa gari la porini ilileta uwezo wa kugeuza matairi mapana yaliyokwama kati ya mawe. Ilileta pia mzigo mpya kwa chesisi, kwa kuwa nguvu iliyokuwa ikimchosha dereva ilihamia kwenye bolti za boksi, na chesisi nyembamba zikaanza kupasuka mahali boksi lilipofungwa.

Kuinua gari

Burudani ya kupita mahali pagumu kwa magari haya ilikua kwa kasi Marekani baada ya vita. Msafara wa Jeepers Jamboree kwenye njia ya Rubicon, California, ulianza mwaka 1953, na mkusanyiko wa Pasaka wa Moab, Utah, mwaka 1967. Matairi yalizidi kuwa makubwa, na ili yapate nafasi magari yaliinuliwa.

Kwa springi za bapa njia ya bei nafuu ilikuwa kuhamisha springi kutoka chini ya ekseli kwenda juu yake. Suzuki SJ na Land Cruiser FJ40, ambazo kiwandani zilikuwa na springi chini ya ekseli, zilipanda kwa kiasi cha unene wa ekseli pamoja na springi yenyewe, bila kununua mabapa mapya. Lakini ekseli ikiwa chini ya springi hupata nguvu ya kujizungusha zaidi breki au injini inapovuta, na springi hupinda kama herufi S. Propela shafti na kasta nazo huharibika pamoja.

Kasta ni mwinamo wa kingipini kuelekea nyuma kwa juu, na ndiyo inayofanya usukani urudi katikati wenyewe baada ya kona. Katika magari ya ekseli nzima huwa takriban digrii 3 hadi 7. Gari lenye mikono mirefu ya mtindo wa Bronco hupoteza kasta kila linapoinuliwa: mkono wa sentimita 90 ukishushwa sentimita 5 upande wa ekseli, ekseli hujizungusha zaidi ya digrii 3. Ndiyo sababu bushi zenye tundu lililopindishwa, mikono mipya yenye pembe tofauti, na hata kukata na kuchomelea upya mafundo ya ekseli vikawa sehemu ya kawaida ya kazi hiyo.

Kosa lililorudiwa sana lilikuwa kuinua springi na kuisahau stelingi, au kushusha ncha ya dragilinki kwa mkono mrefu wa boksi na kuiacha rodi ya Panhard ilivyo. Usambamba wa rodi hizo ulipotea, na matokeo yakaonekana barabarani. Ugonjwa ule wa miaka ya 1920 nao ulirudi kwa sura mpya. Bushi ya Panhard ikilika, boljointi ikilegea au matairi makubwa yakikosa mizani, magurudumu huanza kutikisika kwa nguvu baada ya tuta moja, na gari hutulia tu linapopunguza mwendo. Wengi waliongeza shokapu ya stelingi. Shokapu hiyo huuficha mtikisiko kwa muda, lakini kiungo kilicholegea hubaki kilivyo hadi kitafutwe na kubadilishwa.

Mikono mitatu, mikono minne na mafuta

Mashindano ya kupanda mawe yaliyoshamiri mwishoni mwa miaka ya 1990, na yale ya King of the Hammers yaliyoanza mwaka 2007 kwenye jangwa la California, yaliisukuma ekseli nzima hadi mwisho wa uwezo wake. Waundaji walitaka gurudumu moja lishuke sana huku jingine likipanda. Mabapa na mikono ya bushi mbili havikuruhusu hayo.

Mpangilio wa mikono mitatu una mikono miwili ya chini, mmoja wa juu, na rodi ya Panhard. Ekseli hujinyonga bila kuumana na bushi, na stelingi ya kukingama huendelea kufuata rodi ya Panhard. Kwa gari linalotembea barabarani na porini, huu umekuwa uchaguzi wa mafundi wengi wanaounda upya sehemu ya mbele.

Mpangilio wa mikono minne ya pembetatu huondoa rodi ya Panhard kabisa. Mikono ya juu, ya chini, au yote, huelekezwa kwa pembe, na pembe hiyo ndiyo inayoizuia ekseli isiteleze. Ekseli hupanda wima. Hapo ndipo dragilinki ya chuma inapokosa mwenzake: yenyewe huchora upinde ilhali ekseli haisogei pembeni, na stelingi hukatwa na kila tuta. Suluhisho lilitoka kwenye matrekta na forklifti. Usukani huzungusha valvu, valvu hupeleka mafuta kwa mipira, na silinda iliyofungwa kwenye ekseli yenyewe huigeuza tairodi. Hakuna rodi inayovuka kutoka chesisi kwenda ekseli, kwa hiyo matuta hayana cha kukata. Lakini hakuna pia chuma kinachomuunganisha dereva na magurudumu mpira ukipasuka, na usukani haurudi katikati wenyewe. Kwa hiyo mfumo huo umebaki hasa kwa magari ya mashindano. Kati yake na boksi la kawaida kuna njia ya tatu, ambayo ni boksi la chuma linalosaidiwa na silinda ndogo kwenye tairodi. Muungano wa chuma hubaki, na boksi hupunguziwa mzigo.

Zilizobaki na utaratibu wa kuchagua

Watengenezaji wengi wameiacha ekseli nzima ya mbele. Ford iliondoa ile ya Bronco na F-150 mwaka 1980, General Motors ikaanza kuiondoa kwenye pikapu zake mwaka 1988, Land Rover Defender ya zamani ikakoma Januari 2016, na Mercedes-Benz G ikahamia magurudumu huru mwaka 2018. Imebaki kwenye Jeep Wrangler, Suzuki Jimny, Land Cruiser 70, pikapu nzito za Ford, ambazo ziliacha mabapa ya mbele kwa koili kuanzia za mwaka 2005, na Ineos Grenadier iliyoanza kutengenezwa Ufaransa mwaka 2022. Zote hizo zina koili, rodi ya Panhard na stelingi ya kukingama. Malori makubwa mengi yamebaki na mabapa.

Uzoefu huo wote umeacha utaratibu ulio wazi. Kwanza hujulikana kazi ya gari: mzigo, mwendo wa barabarani, na ugumu wa njia. Pili huchaguliwa kinachoshikilia ekseli. Kwa mzigo na urahisi wa matengenezo huchukuliwa mabapa. Mikono miwili mirefu na koili hufaa gari la kazi linalokwenda pia kwa kasi, mikono mitatu hufaa gari la njia ngumu litakalorudi barabarani, na mikono minne ya pembetatu ni ya mawe peke yake. Tatu hufuata stelingi, na hapo nafasi ya kuchagua imekwisha kuwa finyu. Mabapa kwenye gari la urefu wa kiwandani huvumilia stelingi ya kusukuma, na yakiinuliwa hutaka ya kukingama. Kila mpangilio wenye rodi ya Panhard hutaka dragilinki iliyo sambamba nayo na yenye urefu unaokaribiana. Pembetatu hutaka mafuta. Mwisho hupimwa kasta, pembe ya propela shafti na nafasi ya tairodi juu ya springi na chini ya injini, kabla chuma chochote hakijachomelewa, kwa kuwa baada ya hapo kila sahihisho hugharimu kukata upya.